Mpini Mgumu, Mkanda Mlegevu: Kisa cha Racheti Zilizounganishwa Kinyume

Mzigo ulikuwa jenereta moja ya kilo 1,600, imekaa juu ya reli zake mbili za chuma kwenye tela ya sakafu bapa ya mbao. Ilifungwa kwa mikanda minne ya racheti, mipya, iliyotolewa kwenye mfuko wake asubuhi hiyohiyo. Kilomita kama 15 tangu aondoke, dereva aliegesha kando ya barabara, akazunguka tela akigusa mkanda mmoja mmoja kama ilivyo desturi yake, kisha akanipigia simu.

"Kaka, wa tatu umelegea kabisa. Na ngoma imesogea."

"Imesogea kiasi gani?"

"Vidole vinne. Kwenda mbele."

Alijua kipimo hicho kwa sababu sakafu ya tela ilikuwa na vumbi. Nyuma ya kila reli palibaki kipande cha mbao safi, kisicho na vumbi, chenye upana wa vidole vinne: mahali reli ilipokuwa imekaa kabla ya kusogea. Alikuwa amefunga breki kwa nguvu mara moja tu, kwenye mteremko. Nyuma ya kiti alikuwa na mikanda miwili ya zamani, akaiongeza, akarudi taratibu. Hakuna aliyeumia wala kilichovunjika. Mimi ndiye niliyesimamia ufungaji wa mzigo ule, na ndiyo maana nimekichambua kisa hiki hadi mwisho badala ya kusema tu mikanda ni mibovu.

Kwa asiyeifahamu racheti kwa ndani, maelezo machache. Mkanda una vipande viwili. Kipande kirefu ni utepe wenye kulabu upande mmoja, na upande wa pili uko huru. Kipande kifupi, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole au pungufu ya hapo, kina kulabu upande mmoja na racheti upande mwingine. Racheti yenyewe ni fremu na mpini, na katikati kuna shafti ya nusu mbili zenye mwanya kati yake. Utepe mrefu hupitishwa kwenye mwanya huo, ukavutwa hadi uishe ulegevu, halafu mpini ukipigwa kwenda na kurudi, shafti huzunguka na kuuviringa. Pembeni kuna gia mbili zenye meno. Ulimi mmoja wa chuma uko kwenye mpini na husukuma gia mbele; wa pili uko kwenye fremu na huzuia gia isirudi nyuma. Ndimi zote mbili hubanwa na springi. Kipande kifupi hushikwa kwenye fremu kwa boliti iliyopita ndani ya kitanzi cha utepe kilichoshonwa.

Boliti hiyo ndiyo chanzo cha kisa hiki. Kitanzi kikishashonwa, fremu ya racheti inaweza kuingia kwenye boliti ikiwa imeelekea juu au imeelekea chini. Kwenye boliti hakuna kinachomzuia fundi kukosea. Kinachotofautisha sahihi na kinyume ni mdomo wa kulabu. Kulabu ikishika pete ya tela kama inavyotakiwa, mdomo wake ukielekea ndani kwenye tela, mpini wa racheti unapaswa kuelekea nje, kwa mtu anayefunga. Ikiunganishwa kinyume, kulabu iliyokaa vizuri huufanya mpini uelekee mzigo. Na mpini unaoelekea mzigo hauna nafasi ya kufunguka. Ukiulazimisha, vidole vinasagwa kati yake na chuma cha mzigo.

Mkanda wetu wa tatu ulikuwa hivyo.

Utingo aliyeufunga alifanya ambalo mtu yeyote mwenye haraka angefanya. Alipoona mpini umeelekea jenereta, hakuufungua mkanda. Aliacha kulabu mahali pake, akaizungusha racheti nusu mzunguko hadi mpini ukaja upande wake. Kipande kifupi kikabaki kimesokotwa. Niliiona hali hiyo kwa macho yangu nikiwa upande wa pili wa tela, na sikusema kitu, kwa sababu nilifikiri mkanda uliosokotwa mara moja hauna madhara.

Fikra hiyo ina ukweli wa nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyonipoteza. Kwenye kipande kirefu, pale utepe unapopita hewani bila kugusa mzigo, madereva wengi huuzungusha nusu kwa makusudi ili upepo usiutetemeshe na kuufanya ulie njia nzima. Utepe wa mita kadhaa una nafasi ya kuusambaza mzunguko huo taratibu. Kipande kifupi hakina nafasi hiyo. Mzunguko wote unaishia ndani ya sentimita 30, na utepe wa poliesta wenye upana wa milimita 50 haukubali kusokotwa hapo bila kujaribu kujinyoosha. Unapojaribu kujinyoosha, unaikokota racheti ilale ubavu. Nguvu nayo haigawanyiki tena kwenye upana wote wa utepe. Ukingo mmoja unavutwa kuliko mwingine, na mishono ya ukingo huo ndiyo inayobeba kwanza.

Hata hivyo, utepe haukukatika wala mshono haukuachia. Kilichotokea ni kingine, na sikukielewa hadi tulipoufunga tena mkanda uleule kwenye mzigo uleule, uani, tukautazama kwa karibu.

Racheti ilipolala ubavu, utepe mrefu uliingia kwenye mwanya wa shafti ukiwa umepinda. Mzunguko wa kwanza ulikaa karibu na katikati. Wa pili ulihama kuelekea kushoto. Katika mzunguko wa tatu ukingo wa utepe ulipanda kwenye bamba la fremu, ukajikunja, ukaingia kati ya utepe uliokwisha kuviringwa na chuma. Kuanzia hapo mpini ukawa mgumu. Utingo aliusukuma kwa kiganja, ukagoma, akauegemea kwa uzito wa mwili, ukasogea jino moja, akasema, "Huu umekaza." Nami niliposhika mpini ningesema hivyohivyo. Kumbe ugumu ule ulitoka kwenye utepe uliobanwa ndani ya fremu. Upande wa pili, juu ya jenereta, utepe ulikuwa ukibonyea kwa kidole kimoja. Hakuna kati yetu aliyeubonyeza.

Barabarani, kila mtikisiko uliuchomoa ule ukingo uliokunjwa kidogo kidogo. Ulipotoka wote, mizunguko ikajipanga upya kwenye shafti na urefu wa sentimita kadhaa ukapatikana bure. Gia hazikurudi nyuma hata jino moja. Dereva alipoutazama mkanda, mpini ulikuwa bado umefungwa vilevile kama tulivyouacha. Anayekagua kwa kuangalia mipini peke yake asingeona kosa lolote.

Nimekaa sana kwenye jambo hili kwa sababu ndilo linaloweza kumpata hata mtu makini. Kipimo cha mvutano kiko kwenye utepe wenyewe, juu ya mzigo, upande ulio mbali na racheti. Ukiupiga kwa kiganja unapaswa kujibu kama ngozi iliyowambwa. Mpini hauwezi kukupa jibu hilo, na usipate kishawishi cha kuuvisha bomba ili kuuongezea urefu. Lebo ya mkanda imeandikwa SHF 50 daN, maana yake nguvu ya mkono wa kawaida, takriban uzito wa kilo 50. Mpini unaodai zaidi ya hapo unakuambia kuna kitu kimekwama.

Mkanda wa pili nao ulikuwa na kasoro, ingawa haukulegea. Nusu mbili za shafti huzuiwa zisitoke pembeni kwa spliti-pini ndogo kila upande. Baada ya kupitishwa tunduni, miguu ya pini hukunjwa ili isichomoke. Kwenye racheti hii pini moja ilikuwa imepitishwa tu, miguu yake imenyooka kama ilivyotoka kwenye boksi. Upande wa pili haikuwepo kabisa, na nusu moja ya shafti ilikuwa imejitokeza nje ya gia kwa upana wa kucha. Ingeendelea kusafiri hivyo, ingetoka kwenye bamba la upande mmoja na utepe ungebaki umeshikwa na nusu shafti. Hilo lingetokea ghafla, bila kulegea kwanza.

Tulimwaga mfuko mzima sakafuni. Ulikuwa na mikanda 12. Tulipiga msumari mnene ukutani ukawa badala ya pete ya tela, tukaning'iniza kila kipande kifupi kwa kulabu yake, mdomo ukitazama ukuta, kisha tukaangalia mpini umeelekea wapi. Kazi hiyo ilichukua chini ya nusu saa. Mitano ilikuwa imeunganishwa kinyume. Miwili, pamoja na ule niliousimulia, ilikuwa na matatizo ya pini. Mmoja kulabu ilikuwa imeshonwa utepe ukiwa tayari umesokotwa, kwa hiyo hata ungeugeuza vipi, racheti ingelala ubavu. Minne tu ndiyo iliyokuwa salama.

Lebo za yote 12 zilikuwa sawasawa: za bluu, rangi inayotambulisha poliesta kwa kiwango cha Ulaya EN 12195-2, zikisema LC (nguvu ambayo mkanda unahimili) 2,500 daN kwa mkanda ulionyooka, 5,000 ukizungushwa mzigo, na STF (mvutano baada ya kukaza kwa mkono) 300 daN. Sina sababu ya kuzitilia shaka namba hizo kwa upande wa utepe. Utepe ulikuwa mzuri, umefumwa kwa kubana, mishono imepangika. Lakini namba ya lebo inadai kwamba sehemu zote zimeunganishwa zilivyokusudiwa, na utepe mzuri hauwezi kuziba pengo la pini iliyokosekana.

Muuzaji nilimpigia siku hiyohiyo. Jibu lake la kwanza lilikuwa, "Geuza tu, kaka, ni boliti moja." Nililifikiria kwa uzito, maana kwa ile mitano alikuwa sahihi kiufundi. Unafungua nati, unachomoa boliti, unaigeuza fremu, unarudisha. Utepe haujaguswa wala mshono haujafumuliwa. Tulijaribu kwa mmoja. Nati ilifunguka kwa vidole, bila spana.

Hapo ndipo nilipokataa. Aliyefunga boliti ile hakuona kwamba mpini umeelekea upande usiofaa, akakaza nati kwa vidole na kuendelea na nyingine. Mtu huyohuyo, au mwenzake wa meza hiyohiyo, ndiye aliyepitisha pini bila kukunja miguu. Sasa nikigeuza boliti naponya kosa ninaloliona, halafu najipa mwenyewe jukumu la kuthibitisha kila springi, kila ulimi, kila nati ya racheti ambayo mtengenezaji hakuithibitisha. Na siku mkanda huo ukiachia, nitakuwa mimi ndiye niliyeufungua na kuufunga. Nilimtumia picha za mikanda yote minane yenye kasoro, kila mmoja ukining'inia kwenye msumari uleule, lebo ikisomeka. Baada ya kuziona hakubishana tena. Aliichukua yote minane, ukiwemo tulioufungua, na kuleta mingine, ambayo nayo tuliipitisha kwenye msumari kabla hajaondoka.

Mwenye mkanda mmoja uliounganishwa kinyume, na muuzaji hapatikani, anaweza kuugeuza kwa boliti yake mradi fremu na utepe ni vizima, boliti ni ileile, na nati ya kujifunga au spliti-pini anaweka mpya, kwa kuwa pini iliyokwisha kukunjwa haifai kukunjwa tena. Hapo ndipo mpaka wangu ulipo. Mshono ukiwa na kosa, mkanda unatupwa. Hakuna cherehani ya fundi nguo wala uzi wa viatu utakaorudisha mshono ule, na fundo kwenye utepe ni baya zaidi kwa sababu linakula nguvu ya utepe palepale lilipo. Utepe ukiachia kutoka kwenye racheti iliyovutwa, kulabu hurudi kama jiwe la kombeo.

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo haimhusu muuzaji hata kidogo. Mchana ule, tulipokuwa tunatafuta sababu ya jenereta kusogea, utingo aliuliza swali zuri: mikanda mitatu mingine ilikuwa imekaza, mbona haikuizuia? Kila mmoja umeandikwa 5,000. Mitatu ni tani 15, na jenereta haifiki hata tani mbili.

Hesabu hiyo ndiyo niliyoipiga mimi mwenyewe asubuhi, na ndiyo iliyonidanganya. LC ni nguvu ambayo mkanda unaweza kuhimili ukivutwa. Mkanda unaopita juu ya mzigo hauuvuti nyuma. Unaukandamiza chini ili msuguano uongezeke. Kwa kazi hiyo namba inayohusika ni STF, yaani mvutano unaobaki kwenye mkanda baada ya kuukaza kwa mkono. Kwetu ilikuwa 300. Mkanda una pande mbili zinazoshuka, kwa hiyo unakandamiza kwa daN 600 ukishuka wima, si 5,000.

Tuliandika hesabu kwa chaki kwenye ubavu wa tela. Uzito wa jenereta ni kama daN 1,570. Katika EN 12195-1, sehemu ya kwanza ya kiwango kilekile cha Ulaya, breki za barabarani huhesabiwa kuusukuma mzigo mbele kwa asilimia 80 ya uzito wake, na kona kwa asilimia 50 upande. Mbele ni kama 1,256. Tukichukulia msuguano wa 0.3 kati ya reli za chuma na mbao, msuguano wa uzito wenyewe unazuia 471. Zinabaki 785, ukiongeza robo yake kwa usalama unapata 981. Kila mkanda unachangia 600 mara 0.3, yaani 180. Gawanya: mikanda mitano na kitu, maana yake sita. Sisi tulikuwa na minne, mmoja umelegea, mmoja shafti yake inatoka, na sakafu ina vumbi ambalo huupunguza hata huo msuguano wa 0.3. Tena racheti zote nne tuliziweka upande mmoja, wakati inajulikana kwamba mvutano hupungua utepe unapopinda kwenye kona za mzigo, kwa hiyo upande wa pili ulikuwa mlegevu kuliko wa racheti kwenye kila mkanda.

Kwa hiyo hata kama mikanda yote ingekuwa imeunganishwa vizuri, nisingeweza kusema mzigo ule ulifungwa kiasi cha kuhimili breki kali. Mkanda wa tatu ulituonyesha kosa mapema, kwenye mteremko mmoja, kabla ya barabara kuu. Nalisema hili wazi kwa sababu ilikuwa rahisi sana kulibwaga jambo zima kwa kiwanda.

Asubuhi iliyofuata tulifagia sakafu ya tela hadi mbao zikaonekana. Chini ya reli tuliweka vipande vya mpira wa kuzuia utelezi, ambao msuguano wake huhesabiwa 0.6, na hapo hesabu ya mbele ikashuka kutoka mikanda sita hadi miwili. Tulifunga minne hata hivyo. Mbele ya kila reli tulipigilia gogo la mbao ngumu. Racheti mbili zilikaa kulia na mbili kushoto, kona za jenereta zikavishwa vilinda kona ili utepe upite kwa ulaini na usikatwe. Kwenye kila shafti tulihesabu mizunguko: isipungue miwili, isizidi mitatu, na utepe ukae katikati bila kugusa fremu. Mipini ikalazwa hadi ikabofya kwenye tundu lake. Utingo alipita upande wa mbali wa kila mkanda, akabonyeza, akapiga kwa kiganja, akasikiliza.

Mwisho dereva alichukua chaki akachora mstari kwenye sakafu, ukipita ubavuni mwa mguu wa nyuma wa kila reli hadi juu ya chuma. Aliposimama kilomita ile ya 15 alinitumia picha moja bila maneno. Mstari wa sakafuni na wa kwenye reli ulikuwa bado umeungana.